Umeshinda

Doncaster, zamu ya usiku, chumba namba kumi na moja.
Mvua inagonga kioo kama mtu asiyeamini kwamba mlango umefungwa.
Bi Doreen Ackroyd, miaka themanini na saba,
ananinyooshea simu kwa vidole viwili
kama aliyeokota panya kwa mkia:
"Siwema, inanipigia kelele."

Kweli inapiga.
Simu yako ina virusi kumi na vitatu!
Betri yako inakufa!
Hongera! Wewe ni mgeni wetu wa milioni, umeshinda!
Nafunga moja, linachomoza jingine,
nafunga hilo, mawili yanatoka ubavuni mwake,
alama ya kufungia ni ndogo kama punje ya ulezi
na kidole changu kina glavu.

Nani aliyaruhusu haya?
"Mimi," anasema, bila haya.
"Yaliuliza. Mama alinifunza, mtu akibisha, fungua."
Kwetu nako ni hivyo,
ila kwetu mtu hupiga hodi, akangoja karibu,
na ukinyamaza mara ya tatu
anaijua njia aliyojia.

Simu yangu husema Kiswahili, yake Kiingereza.
Nazilaza pamoja kwenye sinia, kando ya kikombe cha meno.
Vidoti vitatu. Mipangilio. Mipangilio ya tovuti.
Madirisha ibukizi:
jina zuri, utadhani viboko bwawani.
Kwangu ni mstari wa sita, kwake pia wa sita,
lugha mbili, ngazi moja.
Swichi ni ya buluu. Naigusa, inakuwa kijivu.
Kisha arifa: tovuti thelathini na nne zina ruhusa yake,
za viatu, za dawa ya goti, za wanaume wapweke wa Leeds.
Naziondoa moja moja kama mawe kwenye mchele.

"Yule mmoja mwache."
Yupi?
"Anayesema hongera."
Namweleza: huyo ni mwizi, anataka namba ya kadi yako.
"Najua, mwanangu. Kadi anayo Keith.
Lakini saa tano usiku hakuna mwingine anayeniambia."

Nilimfuta. Kazi ni kazi. Nikazima taa.

Jumapili, saa kumi jioni, Keith wa Calgary hakutokea.
Bi Doreen alikuwa amepaka rangi ya mdomo, imevuka mpaka kidogo,
amebonyeza kiungo alichotumiwa,
ameiegemeza simu kwenye kopo la biskuti.
Dakika ishirini. Dakika arobaini.
Anaitazama kama chungu kisichotaka kuchemka.
Niliinama, nikaona, chini kabisa,
maandishi yaliyofifia kama risiti ya mwaka jana:
dirisha ibukizi limezuiwa.
Muda wote huo Keith alikuwa nje anabisha
na komeo nililipiga mimi.

Kwa tovuti hii tu. Ruhusu daima.
Uso ukajaa kioo: ndevu, mvi, kikombe cha asubuhi.
"Mama, nilidhani umelala."
Mimi nikaenda kukunja shuka
ambazo zilikuwa zimekunjwa tayari.

Tangu hapo, nikifika saa tano kugawa dawa,
nabisha kwanza, hata mlango ukiwa wazi,
nangoja aseme ingia.
Kisha namwambia, kwa lugha yangu, maana yake haitoshi:
Hongera, Bi Doreen. Umeshinda.
Nimemfunza maana zote mbili,
ya kutwaa zawadi,
na ya kulisindikiza jua mpaka linatua
nawe bado upo.

"Nimeshinda nini leo?" huuliza.
Siku nyingine nasema, kutwa nzima.
Siku nyingine nasema, karoti, umezimaliza.
Jana nilisema sijui, tutaangalia kesho.
Akacheka, akageukia ukuta.
Simu imelala kifudifudi mezani.
Mvua bado inagonga.